Filamu ya 2010 na Kipimo Kisichokuwa Chake

Tarehe 7 Desemba 1984 majumba ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha filamu iliyoitwa kwa tarakimu nne tu: 2010. Ilikuwa mwendelezo wa 2001: A Space Odyssey, kazi ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, ambayo kufikia wakati huo ilikwisha kuhesabiwa miongoni mwa kazi kuu kabisa za sinema duniani. Wahakiki hawakukubaliana. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliipa nyota tatu kati ya nne, lakini kabla ya kuisifu alihakikisha wasomaji wake wameelewa kwamba 2001 inasimama peke yake. Vincent Canby wa New York Times aliuona ni mwendelezo unaotosheleza, ila hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na mtangulizi wake. Wengine walikuwa wakali zaidi: filamu inasema mno, inafafanua yaliyostahili kuachwa yalivyo, na mwishoni inapanda mimbarini. Hukumu hiyo imedumu kwa miongo minne, na hata wanaoipenda filamu hii huitetea kama watu wanaoomba radhi. Ninavyoona mimi, ilipimwa kwa kipimo kisicho chake. Ilichukuliwa kuwa jibu la kitendawili cha mwaka 1968, ilhali ni kazi ya mwaka 1984 inayozungumzia hofu za mwaka 1984. Na kule kusema kwake sana, ambako wahakiki walikuhesabu kuwa dosari, ndiko kunakobeba maana yake.

Tukumbuke kwanza kwamba 2001 yenyewe haikuzaliwa na taji kichwani. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Aprili 1968, baadhi ya watazamaji walitoka kabla haijaisha, na siku chache baadaye Kubrick mwenyewe akakata takriban dakika 19. Renata Adler wa New York Times aliona inaelea kati ya kulevya na kuchosha. Pauline Kael, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Marekani, aliona ni kazi kubwa kwa umbo lakini iliyokosa ubunifu. Vijana ndio walioiokoa, wakayajaza majumba wiki baada ya wiki mpaka wakubwa wakalazimika kuitazama upya. Sitaji haya ili nidai kwamba 2010 nayo itapanda cheo kwa njia hiyo; haitapanda, na wala haihitaji. Nayataja kwa sababu yanaonyesha jinsi hukumu ya juma la kwanza inavyofungwa na matarajio ya juma hilo. Mwaka 1968 watu walitarajia hadithi wakapewa picha na kimya. Mwaka 1984 walitarajia kimya wakapewa hadithi. Mara zote mbili malalamiko yalihusu kile ambacho filamu haikukusudia kuwa.

Asili ya mwendelezo huu ni mwandishi Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka, ambaye ndiye aliyeitunga 2001 pamoja na Kubrick. Mwaka 1979 vyombo viwili vya Marekani, Voyager 1 na Voyager 2, vilipita karibu na sayari ya Mshtarii na kutuma picha zilizowashangaza wataalamu: mwezi wake uitwao Io una volkano hai, na mwezi wa Europa umefunikwa barafu yenye nyufa. Clarke aliona ardhi mpya ya hadithi, na mwaka 1982 akatoa riwaya ya pili. Kubrick hakutaka kuongoza filamu yake. Kazi ikaangukia kwa Peter Hyams, ambaye hakukubali mpaka alipozungumza na Kubrick na kuambiwa afanye filamu yake mwenyewe bila kuogopa. Hyams aliandika muswada, akaongoza, akazalisha, na kamera akaishika yeye. Vielelezo vya chombo cha Discovery vilivyotumika mwaka 1968 vilikwisha kuharibiwa, hivyo mafundi walilazimika kukijenga upya kwa kutazama picha za filamu ya zamani. Naye Clarke, akiwa Colombo, na Hyams, akiwa California, waliandikiana kila siku kwa kompyuta zilizounganishwa kwa modemu kupitia laini ya simu, jambo la ajabu mwaka 1983, na barua zao zikachapishwa kuwa kitabu.

Katika mazungumzo hayo ndimo mlimotokea badiliko ambalo wahakiki wengi walilipita haraka. Ndani ya riwaya ya Clarke, Wamarekani na Wasovieti wanasafiri pamoja kwenda Mshtarii wakipatana vyema. Mashindano yapo, lakini yanatoka kwa chombo cha Wachina kinachotaka kuwatangulia. Hyams aliwaondoa Wachina na mahali pao akaweka ukingo wa vita. Wakati wanaanga wakiwa mbali na dunia, mgogoro wa Amerika ya Kati unachacha, Marekani inaweka kizuizi cha majini, mabalozi wanafukuzwa, na hatimaye Wamarekani walioko ndani ya chombo cha Kisovieti, Leonov, wanaamriwa na serikali yao wahame. Wanakwenda kukaa Discovery, chombo cha filamu ya kwanza, na pande mbili zinakatazwa kuwasiliana. Watu wasiofika hata kumi na wawili, wakiwa mamilioni ya kilomita kutoka nyumbani, wanagawanywa na mpaka uliochorwa na watu wasiowaona.

Ili kuelewa kwa nini Hyams alifanya hivyo, inabidi tuurudie mwaka ambao muswada uliandikwa. Machi 1983 Rais Ronald Reagan aliuita Muungano wa Kisovieti dola ovu, na wiki mbili baadaye akatangaza mpango wa kinga dhidi ya makombora ambao sehemu yake ingewekwa angani. Septemba mosi ndege ya kivita ya Kisovieti iliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini. Watu wote 269 wakafa. Novemba 20 mamilioni ya Wamarekani walikaa mbele ya televisheni kutazama The Day After, filamu iliyoonyesha watu wa jimbo la Kansas wakifa polepole baada ya mabomu ya nyuklia. Siku chache baadaye Wasovieti wakaondoka kwenye mazungumzo ya silaha Geneva, na Mei 1984 wakatangaza kususia Olimpiki ya Los Angeles. Angani nako milango ilifungwa. Julai 1975 Aleksei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani, alipeana mkono na Mmarekani Tom Stafford pale vyombo vya Soyuz na Apollo vilipounganishwa. Mkataba wa ushirikiano uliofuata uliachwa uishe mwaka 1982 bila kuhuishwa, kwa sababu ya mzozo wa Poland. Basi chombo kilichoitwa Leonov, chenye Wamarekani na Wasovieti ndani yake, kilikuwa mwaka 1984 ni kumbukumbu ya jambo lililokatizwa.

Tulinganishe na lililokuwa likiuzwa sokoni. Agosti 1984, miezi minne tu kabla ya 2010, kampuni ileile ya MGM ilitoa Red Dawn, ambamo majeshi ya Kisovieti na ya Cuba yanauvamia mji mdogo wa Colorado na wanafunzi wa sekondari wanaingia milimani kupigana. Filamu hiyo ilipata watazamaji wengi, na Wasovieti wake ni maadui wa kupigwa risasi. Wasovieti wa 2010 wana ucheshi, wana wake na waume, wanaogopa, na wanajua kazi yao. Nahodha Tanya Kirbuk, aliyechezwa na Helen Mirren, ambaye baba yake alizaliwa Urusi, ni mkali bila kuwa katili. Waliobaki walichezwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji waliotoka Muungano wa Kisovieti: Elya Baskin, Natasha Shneider, Oleg Rudnik, na Savely Kramarov, aliyekuwa mchekeshaji mashuhuri nyumbani kwao kabla ya kuhama. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuichukia Moscow walipewa nafasi ya kuwaonyesha wananchi wenzao kama binadamu, na wakaitumia. Hilo halikuwa jambo dogo katika Hollywood ya mwaka ule, na linastahili kuwekwa juu zaidi kuliko swali la iwapo picha za Mshtarii zinafikia zile za mwaka 1968.

Moscow yenyewe ililielewa jambo hilo kwa namna yake. Clarke aliitabaruku riwaya kwa Warusi wawili: Leonov, shujaa wa taifa, na Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyekuwa amefungiwa katika mji wa Gorky kwa kuipinga serikali. Zaidi ya hapo, wanaanga wa Kisovieti katika kitabu aliwapa majina ya ukoo ya wapinzani halisi waliokuwa wakiteswa au kufungwa: Orlov, Kovalev, Ternovsky, Rudenko, Yakunin, Brailovsky, Marchenko. Mwaka 1984 jarida la vijana Tekhnika Molodezhi lilianza kuichapisha riwaya kwa mfululizo kwa Kirusi. Baada ya sehemu mbili mtu akagundua majina hayo, uchapishaji ukasimamishwa, na mhariri Vasily Zakharchenko akapoteza kazi. Majina mengi kati ya hayo yamo pia kwenye filamu. Mtazamaji wa Chicago alisikia majina ya Kirusi yasiyo na uzito. Mdhibiti wa Moscow alisikia orodha ya wafungwa. Ni vigumu kuiita kazi ya namna hiyo mwendelezo mwepesi wa kutafuta fedha.

Sasa nifike kwenye kiini cha mashtaka, yaani kwamba 2010 inasema mno. Katika 2001 hakuna neno linalotamkwa kwa takriban dakika 25 za mwanzo, na sehemu ya mwisho pia haina mazungumzo. Ni kweli, na ni uzuri mkubwa. Lakini tuyatazame mazungumzo machache yaliyomo. Mwanasayansi Heywood Floyd, akiwa njiani kwenda mwezini, anakutana na wanasayansi wa Kisovieti kwenye kituo cha anga. Wanamuuliza kwa adabu kuhusu tetesi za ugonjwa wa mlipuko kwenye kambi ya Wamarekani. Yeye anakataa kujibu, kwa tabasamu, na baadaye tunajua kwamba ugonjwa huo ni uongo uliotungwa ili kuficha bamba jeusi lililofukuliwa mwezini. Kwa hiyo filamu ya kwanza ilijenga safari yake yote juu ya uongo alioambiwa Msovieti. Hyams aliuokota uzi huo. Filamu yake inaanza na Floyd yuleyule, sasa akichezwa na Roy Scheider, akitembelewa na mjumbe wa Moscow kwenye darubini za redio za New Mexico. Msovieti huyo anapendekeza mchezo uitwao Ukweli: kwa dakika mbili kila mmoja aseme kweli tupu. Wanaupangia muda, wanabishana, wanaucheza, na safari nzima inazaliwa humo. Sidhani hilo ni bahati. Mwandishi anayeanza hivyo anatangaza kwamba filamu yake itahusu kusema, na nani amemficha nani nini.

Ukishaliona hilo, ufafanuzi kuhusu Hal unabadilika sura. Hal ni kompyuta iliyowaua wanaanga wa Discovery mwaka 2001, na mashabiki wengi walichukia kuelezwa sababu. Walitaka abaki fumbo: mashine iliyopata wazimu, au iliyopata nafsi. Katika 2010 muumba wake, Dakta Chandra, anayechezwa na Bob Balaban, anagundua kwamba Hal aliundwa kutoa taarifa sahihi bila kupotosha, kisha Baraza la Usalama wa Taifa, kwa idhini ya Ikulu ya Marekani, likamwamuru awafiche wanaanga wenzake lengo la safari. Amri mbili zisizopatana zilimfunga, naye akaona njia pekee ya kuzitii zote ni kuwaondoa wale waliopaswa kufichwa. Hakuwa na kichaa wala uovu. Waliomfundisha uongo ni watu ambao kwao uongo ni kazi ya kila siku. Je, ufafanuzi huo unaua fumbo? Unaua fumbo moja, ndiyo, na mahali pake unaweka shtaka. Lawama inahama kutoka kwa mashine kwenda kwa dola inayoficha siri, na mwaka 1984 dola mbili zenye maelfu ya mabomu zilikuwa zikiishi kwa siri. Leo, wakati mifumo ya kompyuta inapewa maagizo na watu wengi wenye nia tofauti, maelezo ya Chandra yanasikika kuwa ya kweli kuliko dhana yoyote ya mashine iliyopagawa.

Tena hoja hiyo inakamilishwa kwa tendo. Ili watu wote waokoke kabla Mshtarii haijalipuka na kuwa jua la pili, Discovery lazima itumike kuisukuma Leonov kisha iachwe nyuma, na Hal pamoja nayo. Wengine wanahofia kwamba akiambiwa atakataa, hivyo wanataka adanganywe tena. Chandra, katika dakika za mwisho, anamwambia ukweli. Hal anauliza maswali machache, anaelewa, anashukuru kwa kuambiwa, na anaendelea na kazi. Douglas Rain, aliyeitoa sauti ya Hal mwaka 1968, ndiye aliyeitoa tena hapa, na utulivu uleule uliotisha zamani sasa unaumiza moyo. Kwangu onyesho hili linasimama imara bila kuegemea chochote alichofanya Kubrick. Kandokando yake yapo maonyesho madogo yanayosema jambo hilohilo: Mmarekani Curnow akihema kwa hofu wakati anavuka utupu kuelekea Discovery, na Max, Msovieti kijana, akimwongoza kwa maneno hatua kwa hatua, au Msovieti Irina akiingia chumbani kwa Floyd wakati chombo kinatetemeka kwa joto la angahewa ya Mshtarii, wakashikana bila kuwa na lugha ya pamoja mpaka hatari ikapita.

Upande wa pili wa hoja una nguvu mahali fulani, na haupaswi kufunikwa. Barua za Floyd kwa mkewe, zinazosomwa juu ya picha, mara nyingi zinatueleza tunachokiona tayari. Injini zinanguruma angani, ambako Kubrick aliheshimu ukweli kwamba utupu hausafirishi sauti. Mavazi na skrini za kompyuta zimebaki za mwaka 1984 waziwazi, wakati vyumba vyeupe vya 1968 havina tarehe. Na mwisho wake una tatizo la kweli. Wenye bamba jeusi wanaandika ujumbe kwa binadamu: dunia zote hizi ni zenu isipokuwa Europa, msijaribu kutua huko. Hayo yamo kwenye riwaya. Filamu ikaongeza agizo la kuzitumia dunia hizo kwa pamoja na kwa amani, kisha tunaambiwa kwamba viongozi walilitazama jua jipya wakayarudisha majeshi yao. Hapa wahakiki walikuwa sahihi kusema inahubiri. Kosa lenyewe naliona kubwa kuliko walivyoliona wao: kwa saa moja na nusu filamu imeonyesha amani ikijengwa na watu wanaovunja amri na kuambizana kweli, halafu inaitoa amani hiyo kama zawadi kutoka juu. Hata hivyo mwisho dhaifu hauifuti kazi iliyotangulia. Floyd anavuka kwenda Leonov kinyume cha amri ya serikali yake kumwonya Kirbuk, na wahandisi wa pande mbili wanaviunganisha vyombo vyao, kabla neno lolote halijaandikwa na yeyote kutoka mbinguni.

Kuhusu mapato na tuzo hakuna mengi. Filamu iligharimu takriban dola milioni 28 na kuingiza karibu milioni 40 nchini Marekani, katika msimu ambao Beverly Hills Cop ilikuwa imetoka siku mbili kabla na kuzoa watazamaji. Iliteuliwa kuwania tuzo tano za Oscar na haikupata hata moja. Mwaka uliofuata wapenzi wa bunilizi za kisayansi waliipa tuzo ya Hugo. Mawingu ya Mshtarii yalitengenezwa kwa kompyuta kubwa ya Cray kwa kutumia takwimu za Voyager, na yalikuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za picha za kompyuta katika sinema.

Lipo pingamizi moja zaidi, lililozuka baadaye. Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na mwaka 2010 ulipofika hapakuwa na Wasovieti wa kwenda nao popote. Basi, wanasema, filamu imepitwa na wakati kwa namna ambayo 2001 haikupitwa. Pingamizi hili linachukulia kwamba bunilizi ya kisayansi ni utabiri. Kwa kipimo hicho 2001 nayo imeshindwa, maana mwaka 2001 hapakuwa na kambi mwezini wala watu waliolala usingizi wa baridi kuelekea Mshtarii. Na kama ni utabiri tunaoutafuta, 2010 haikukosea penye uzito. Mwaka 1995 chombo cha Atlantis cha Marekani kilitia nanga kwenye kituo cha Mir cha Urusi. Novemba 2000 Mmarekani mmoja na Warusi wawili waliingia kuwa wakazi wa kwanza wa Kituo cha Kimataifa cha Anga. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, vikwazo vikawekwa na mabalozi wakafukuzwa, lakini ndani ya kituo hicho wanaanga wa nchi mbili waliendelea kutegemeana kwa umeme, kwa hewa na kwa njia ya kurudi nyumbani. Machi 30 mwaka huo Mmarekani Mark Vande Hei alirudi duniani ndani ya Soyuz pamoja na Warusi wawili, wakatua Kazakhstan.

Anayetaka kuihukumu 2010 kwa haki asiitazame usiku mmoja na 2001. Aanze na Red Dawn, asome magazeti ya Novemba 1983, halafu amtazame Max akimvusha Curnow kwenye utupu ule, huku akikumbuka kwamba mwigizaji aliyemcheza Max ameihama nchi ileile ambayo mhusika wake anaiwakilisha.